Mafuta ya Mzee Aboud

Rangi ilikataa kushika. Dena alipitisha rola mara ya kwanza chini ya tumbo la boti, akarudi hatua moja nyuma kuitazama kazi yake, na mbele ya macho yake ile rangi ya buluu ikaanza kujikusanya. Ikaacha vijitundu, vijitundu vikawa mabaka, mabaka yakapanuka mpaka faiba nyeupe ikatokeza tena. Akapitisha rola mara ya pili, ikawa yale yale.

"Rangi mbovu hii," alisema Kazungu, mwenzake wa kazi, aliyekuwa ameshika ndoo. "Wamekuuzia iliyokwisha muda."

"Nimeifungua mwenyewe. Ni mpya."

Dena alipitisha kidole mahali ambapo hapajapakwa, akakinusa. Karakana ya Abdulhadi iko ukingoni mwa hori la Kilifi, jirani na mahali wavuvi wanapoanikia papa, na mtu akifanya kazi pale mwaka mmoja pua yake huacha kumwambia chochote. Lakini kidole alikileta karibu kabisa, akaipata ile harufu. Sifa. Mafuta ya ini la papa, ambayo watu wa mashua hupaka mbao zao zisikauke na kupasuka. Kwenye mbao ni dawa. Kwenye faiba iliyokwisha kupigwa msasa ikingoja rangi, ni balaa tupu.

"Kazungu, jana nilipokwenda Malindi kununua rangi, nani alikuja hapa?"

Kazungu aliitazama ndoo yake. "Mkweo."

"Baba Aboud? Alikuja kufanya nini?"

"Alikuja na kopo na kitambaa, akapaka. Kwa uzuri kabisa, Dena, hakuacha hata mahali pa kuweka kidole. Mimi nikadhani umemtuma."

"Nimtume mkwe wangu kazi?"

"Sasa mimi ningemuuliza nini mzee yule, na ndevu zake zile? Mutsedza wa mtu humuulizi."

Hapo Kazungu alisema kweli tupu. Kwao Kakuyuni, bara kwenye mashamba, alikozaliwa yeye na Dena pia, mkwe huitwa mutsedza, na mutsedza hupishwa njia, hukaribishwa kiti, na neno lake halijibiwi. Kwa Wabajuni wa Ngomeni, alikotoka Mzee Aboud, mambo ni hayo hayo. Waliooana kutoka pande mbili hugombana kwa mengi, lakini juu ya kumnyamazia mkwe pande zote zilikuwa zimekubaliana zamani.

Na boti yenyewe haikuwa boti ya kuchezea. Ilikuwa ya Bi Sumeiya wa Malindi, mwenye boti sita za kuwapeleka wageni kutazama pomboo. Hii ilikuwa ya kwanza kumletea Abdulhadi, na Abdulhadi, kwa mara ya kwanza tangu amwajiri Dena, alimwambia: hii ni yako, iandae mwenyewe. Ikishuka vizuri, tano zilizobaki zingefuata, na fundi wao angekuwa Dena msimu mzima. Isiposhuka, zingekwenda kwa mafundi wa Mtwapa, na Dena angerudi kubebea wengine ndoo. Na siku ya kushuka ilikuwa moja tu, Jumamosi, siku ya bamvua, maji makubwa yanapofika mpaka kwenye sakafu ya karakana. Baada ya hapo maji yangepungua, na bamvua jingine lilikuwa wiki mbili mbele. Wageni wa kwanza wa Bi Sumeiya walikuwa wanafika Jumatatu.

Jambo moja lilimuuma Dena zaidi. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu, na walipokuja kuipangusa boti aliona maji yamesimama juu ya faiba vitone vitone, kama yanavyosimama juu ya jani la muhogo. Aliona, akajua si kawaida, akapuuza kwa sababu alikuwa na haraka.

*

Abdulhadi hakuhitaji kuambiwa. Alitoka ofisini na kikombe chake cha kahawa, akainama, akatazama yale mabaka, akanusa, akasimama wima taratibu.

"Nani kapaka sifa hapa?"

Dena alikuwa na muda wa pumzi moja tu wa kuamua.

"Ni mimi."

"Wewe?"

"Nilichanganya mambo."

Abdulhadi alikuwa mtu wa sauti, na sauti yake ilipenda wasikilizaji. Mafundi waliokuwa kwenye boti ya jirani waliacha kupiga msasa ili wasipitwe. "Jamani, njooni mtazame! Fundi wangu wa faiba kapaka boti sifa. Dena, umeiona wapi faiba inayokunywa mafuta? Ndiyo maana watu waliniambia, mtu wa Kakuyuni ukimpa boti ataipalilia."

Wakacheka wote. Kazungu, ambaye ni wa Kakuyuni vile vile, alicheka pia, kwa woga, kisha akajiona mjinga akaacha.

"Jumamosi saa kumi na nusu maji yatajaa," Abdulhadi aliendelea, sasa bila mzaha. "Thina ya kusafishia utanunua wewe, si mimi. Na ikifika Ijumaa magharibi rangi haijashika, nampigia simu Bi Sumeiya. Nitamwambia ukweli, na nitakutaja kwa jina."

Dena alisema sawa. Angefanya nini tena? Hasira alikuwa nayo, lakini hakujua aielekeze wapi. Kumkasirikia Abdulhadi hakuna faida. Kumkasirikia mzee ni dhambi. Akaishia kuwakasirikia wale wavuvi wanaogawa mafuta ovyo.

*

Mchana alikwenda kula nyumbani, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya Mnarani. Mzee Aboud alikuwa amekaa mkekani, miwani myeusi ya hospitali usoni. Alikuwa amefika wiki tatu nyuma kutolewa mtoto wa jicho, na daktari alimwamuru asiondoke Kilifi mpaka dawa ya matone iishe, la sivyo jicho lingeharibika upya. Miaka yote ya utu uzima wake aliishi na mashua, akizitengeneza na kuzisafiria, na sasa alikuwa anakaa chumbani akisikiliza redio ya jirani. Kukaa bure kulikuwa kunamuua.

Harusi, binti yake na mke wa Dena, aliweka sinia la wali na samaki wa kupaka, akampa baba kichwa cha samaki, akarudi jikoni nyuma ya pazia. Wanaume wakanawa.

"Boti yaendeleaje, bwana Dena?"

"Alhamdulillahi, baba."

"Niliipitia jana." Mzee alijaribu kulisema kwa kawaida, lakini furaha ilimshinda, ikamtoka mdomoni. "Niliikuta mmeikwaruza yote, yakaa juani uchi, maskini. Nikaona haya. Chombo cha mkwe wangu kikaukie juani na mimi nina mikono? Nikaomba sifa kwa wale vijana wa mashua, nikakipaka chote, omo mpaka tezi. Hukuinusa?"

"Niliinusa, baba."

"Ehee! Nikajua utajua tu. Kule kwenu Kakuyuni hamna bahari, mambo haya hamkufunzwa, lakini wewe wajifunza. Mimi hilo nakupa."

"Ahsante, baba."

Dena akamsogezea mzee kipande kingine cha samaki. Nyuma ya pazia, mwiko wa Harusi ulinyamaza ndani ya sufuria. Alizaliwa kwenye nyumba ya mashua na ameolewa miaka tisa na mtu wa faiba. Hakuhitaji kufafanuliwa.

Dena alipoingia jikoni kuomba maji, alimkuta amesimama, mikono kiunoni.

"Imeharibika?" alinong'ona.

"Rangi haishiki."

"Ulimwambia Abdulhadi ni nani?"

"Nilimwambia ni mimi."

"Dena!"

"Ningesema nini? Nisimame mbele ya watu niseme baba mkwe wangu haijui kazi?"

"Basi nitamwambia mimi. Ni babangu."

"Usithubutu. Ukimwambia leo, kesho alfajiri atakuwa stendi akingoja gari la Ngomeni, na jicho halijapona. Wamjua mwenyewe."

Harusi alimjua. Aliwahi kumwona babake akihama msikiti miaka miwili kwa sababu mtu alimsahihisha mbele za watu. Akavuta pumzi, akateremsha kopo la maziwa lililokuwa juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na pesa za kununulia unga na mafuta ya kupikia bajia na viazi karai alivyouza barazani kila jioni.

"Thina makopo mangapi?"

"Manne. Labda matano."

Akammiminia zote kiganjani bila kuzitazama, maana angezitazama angezirudisha nusu. "Basi wiki hii watu wa mtaa huu watajipikia wenyewe," alisema. "Nenda."

*

Kutoa mafuta kwenye faiba hakutaki ufundi, kwataka subira. Unaosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, unasuuza, unangoja pakauke. Kisha unachovya kitambaa kwenye thina, unafuta shubiri mbili tatu, na kitambaa kile unakitupa. Ukikirudia, mafuta uliyoyatoa huku unayapeleka kule, na kazi inaanza upya. Dena na Kazungu walianza kesho yake, Alhamisi, mapema. Saa nne vitambaa vyote vya karakana vilikuwa vimekwisha, na hawajamaliza hata nusu ya upande mmoja.

Hapo ndipo Harusi alipoingia langoni, dumu la maji ya moto kichwani, furushi la kanga kuukuu kwapani. Mafundi wakatazamana. Mwanamke huleta chakula karakana, akakiacha langoni. Haingii chini ya boti.

"Dena, umeita jeshi?" mmoja alimtania.

"Nimeleta kanga," Harusi alijibu mwenyewe. "Wewe umeleta nini?"

Wenzake wakamcheka yule mtu, na Harusi akapata nafasi ya kupita. Alijifunga leso kiunoni, akachuchumaa chini ya tumbo la boti, akaanza kurarua. Kanga ya kwanza ilikuwa imepauka, wala hakuisikitikia. Ya tatu ilikuwa ya mamake, marehemu. Aliishika kidogo, akaukunja uso, kisha akairarua nayo, kwa haraka.

Nyumbani, Mzee Aboud aliamka kutoka usingizi wa asubuhi akakuta kimya. Binti hayupo, sufuria kubwa haipo, kamba ya kanga tupu. Akamuuliza jirani, na jirani akasema amemwona Harusi akielekea karakana na maji ya moto, mbio mbio. Mzee akadhani Dena ameumia. Akavaa miwani yake, akashika bakora, akaenda upesi kadiri mguu ulivyomruhusu. Njia nzima alikuwa akimuombea mkwewe.

Alipofika langoni alisikia sauti ya Abdulhadi kabla hajaona kitu.

"Sasa mpaka mkeo umemtia kazini! Kwa kosa lako! Sifa kwenye faiba, Dena, sifa! Hata mtoto wa chekechea hawezi!"

Mzee Aboud akasimama. Aliwaona wote: Abdulhadi na kikombe chake, mafundi wakichungulia, Kazungu akijifanya anasuuza ndoo iliyokwisha suuzwa. Alimwona Dena, kichwa chini, kipande cha kanga mkononi. Aliona na miguu ya binti yake ikitokeza chini ya boti. Jicho lilikuwa bado na ukungu, lakini hayo yote aliyaona.

"Abdulhadi."

Abdulhadi aligeuka, na sauti yake ikashuka papo hapo. "Shikamoo, mzee. Karibu. Usitusikilize sisi, ni mambo ya kazi tu."

"Marahaba. Sifa hiyo nimepaka mimi."

"Hapana, mzee. Mwenyewe kasema ni yeye."

"Kasema uongo. Mtazame."

Wakamtazama. Dena alitamani maji ya bamvua yaje saa ile ile, yasingoje Jumamosi, yamchukue.

"Ina madhara gani?" mzee akauliza. Akauliza tena, kwa ukali. "Nasema, sifa ina madhara gani?"

Aliyejibu alikuwa Harusi, kutoka kule chini, bila kujitokeza. "Rangi haishiki, baba. Faiba si mbao, haiyanywi mafuta. Yanakaa juu tu, na rangi inateleza. Ni lazima yatolewe yote kabla ya kesho." Alilisema lote kwa pumzi moja kwa kuogopa angekatika katikati.

Mzee Aboud alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa.

"Bwana Dena. Tangu jana ulijua?"

"Ndiyo, baba."

"Na jana nilikula nawe sinia moja. Nikakueleza, nikajitapa, ukanambia ahsante."

"Ndiyo, baba."

"Mbona hukunambia?"

"Wewe ni mkwe wangu."

"Na boti? Boti yajua kuwa mimi ni mkwe?"

Alikuwa amekasirika, na kosa lenyewe halikumkasirisha kama lile sinia, pale alipoachwa ajivune kama mtoto anayefurahishwa. Akageuka. Akatembea kuelekea langoni, bakora ikigonga sakafu, na Harusi alitoka chini ya boti, magoti yamelowa, akijua kabisa mwisho wa mwendo ule ni stendi ya Ngomeni. Alitaka kuita.

Langoni mzee akasimama. Akaiegemeza bakora ukutani. Akakunja kikoi chake mpaka magotini, akarudi.

"Nipeni kitambaa," alisema.

Hakuna aliyethubutu kumpa, mpaka Harusi alipomtilia mkononi kipande cha ile kanga ya mamake. Mzee akakichovya kwenye thina, akaanza kufuta kwa nguvu, mkono ukizunguka kwa mazoea ya miaka. Alifuta shubiri tatu, nne, tano, sita, kwa kitambaa kile kile. Dena aliona. Akamkonyeza mkewe.

"Baba," Harusi alisema, "kitambaa wakitumia mara moja, kisha wakitupa."

"Kwa nini?"

Akamweleza. Mzee akasikiliza, akakitupa, akaomba kingine.

Abdulhadi aliingia ofisini. Alikaa huko kitambo, halafu akatoka na makopo mawili ya thina, akayaweka chini karibu na mguu wa Dena, akaenda zake. Ndivyo anavyoomba radhi Abdulhadi.

*

Ijumaa walipiga msasa upya, watu wanne, mpaka nyusi zao zikawa nyeupe kwa vumbi. Walikwenda kuswali, wote isipokuwa Kazungu na Harusi waliobaki kupangusa. Waliporudi, Dena alisimama mbele ya boti.

"Mwaga maji," alimwambia Kazungu.

Kazungu akamwaga ndoo nzima. Wakatazama. Maji yaliteremka kwenye faiba kwa upana wake wote, laini, bila kusimama, bila kitone hata kimoja. Kazungu akapiga kelele. Dena alikaa chini, akawa anacheka peke yake huku machozi yanamlenga, na hakuona haya.

"Mbona wacheka?" Mzee Aboud alimuuliza.

"Yamekwisha, baba. Mafuta yamekwisha."

Palipokauka wakapaka. Rangi ilishika. Ilikaa pale ilipowekwa, buluu, nzito, tulivu, na Abdulhadi alipokuja kuikagua magharibi alizunguka boti mara mbili akitafuta cha kusema, akakosa. Simu ya Bi Sumeiya hakuipiga.

*

Jumamosi asubuhi walipaka rangi mkono wa pili, kisha wakashughulikia sehemu ya juu, ambayo haipakwi rangi bali hung'arishwa. Dena alishika mashine mwenyewe. Alipaka dawa ya kung'arishia, akazungusha, akafuta, akapaka nta, akafuta tena, kipande kwa kipande. Ule weupe uliokuwa umechujuka kwa jua la mwaka mzima ukaanza kuamka, na kufikia adhuhuri mafundi wa boti ya jirani walikuwa wanakuja kujitazama humo na kuchana ndevu.

Bi Sumeiya alifika kutoka Malindi saa nane, mwanamke mfupi mwenye maneno machache. Alipitisha kiganja ubavuni mwa boti, akainama akatazama chini, akamgeukia Abdulhadi.

"Nani kaifanya?"

"Dena. Huyu hapa, fundi wangu." Safari hii Abdulhadi hakutaja mtu anatoka wapi.

"Bamvua lijalo nitaleta mbili," alisema Bi Sumeiya. "Kisha tatu. Awe huyu huyu."

Dena alijibu "Inshallah" kwa adabu, akaenda nyuma ya boti ambako hakuna mtu, akamkuta Harusi ameshasikia. Harusi alimfuta vumbi la nta shavuni kwa ncha ya leso, na mkono ule ulikuwa umechubuka kwa thina. Akaushika. Unafuu aliousikia wakati ule ulikuwa mkubwa mpaka akahisi usingizi.

Saa tisa na nusu maji yalianza kupanda sakafu. Boti ilikuwa juu ya kigari cha chuma, imeshikiliwa na nguzo nne, na pale nguzo zilipogusa, rangi haikuwa imefika. Ndiyo kazi ya mwisho katika boti yoyote. Wakahamisha nguzo moja moja, Dena akapaka vile viraka vinne vilivyobaki, akasimama kungoja vikauke. Wanaume walikuwa wamekwisha kukusanyika kusukuma. Mzee Aboud, ambaye hajawahi kukiona chombo kikishuka bila yeye kukitia mkono, alipita katikati yao, akanyoosha kiganja moja kwa moja kwenye kiraka kibichi.

"Baba, toa mkono!"

Karakana nzima ikageuka. Hata Abdulhadi alishusha kikombe. Dena mwenyewe aliisikia sauti yake ikirudi kutoka ukutani. Harusi alifumba macho.

Kiganja cha mzee kilikuwa hewani, inchi moja kutoka kwenye rangi. Akakirudisha. Akamtazama mkwewe kupitia ile miwani myeusi.

"Kwa nini?" akauliza.

"Haijakauka, baba. Ukiigusa sasa itabanduka, na maji yatapata mahali pa kuanzia. Yataka robo saa."

"Robo saa."

"Ndiyo, baba."

Mzee akarudi nyuma hatua moja, akafunga mikono mgongoni. Hakuondoka. Alisimama pale pale maji yakimpanda vidoleni, halafu kwenye vifundo, kikoi kimekunjwa, na kila baada ya kitambo aliuliza, "Bado?"

"Bado, baba."

"Bado?"

"Kidogo."

Maji yakafika kwenye magurudumu ya kigari. Dena akainama, akagusa kiraka cha mwisho kwa mgongo wa kidole, akakitazama kidole. Kilikuwa kikavu, hakina rangi. Akasimama.

"Sasa, baba," alisema. "Njoo upande huu. Sukuma."

Na Mzee Aboud akaja upande ule, akasukuma.